Diski ya seva inakufa? Maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mwanza

Mwangaluka wakuu. Mimi ni fundi wa seva, nazunguka Nyamagana na Ilemela, mara moja moja navuka kwenda Sengerema au Ukerewe, na simu nyingi ninazopigiwa ni za kitu kilekile, "fundi, seva inalia" au "fundi, mfumo umekuwa mzito balaa". Nimechoka kujibu kila mtu kwa voisi za WhatsApp kwa hiyo nimeyamwaga hapa yote. Nikisema seti namaanisha zile diski kadhaa zilizounganishwa kwa RAID zikawa kama diski moja. Na niseme mapema, kwenye kazi zangu data nyingi zilizopotea ziliuliwa na mtu mwenye haraka aliyechomoa kitu asichokijua, na mimi mwenyewe nimo, nitasimulia huko chini.

Fundi, nitajuaje diski imeanza kuugua kabla haijakata roho?

Mara nyingi inaanza na uzito. Dada wa mapokezi anabonyeza kufungua faili la mteja linachukua sekunde arobaini, anabonyeza la pili linafunguka fasta, kila mtu ofisini anasingizia mtandao, kumbe mle ndani kuna diski moja inarudia rudia kusoma sehemu ileile na wenzake wanaisubiri, maana seti nzima inatembea kwa mwendo wa anayechechemea. Kwenye Linux andika `iostat -x 1` alafu kodolea macho safu ya `r_await`, hiyo ni milisekunde diski inazotumia kujibu. Ukikuta diski tatu zinasoma 8, 10, 9 na ya nne inasoma 400 huku `%util` yake imeganda kwenye 100, umeshampata mgonjwa wako hata kama taa zote ni za kijani.

Alafu kuna `dmesg`, amri inayoonyesha logi ya Linux. Hapa ndo pa kusoma taratibu. Ukiona `I/O error, dev sdc` na namba ileile ya sekta (kipande kidogo cha uso wa diski) inajirudia, au neno `UNC` kwenye mabano, hiyo ni diski yenyewe kushindwa kusoma uso wake. Ukiona `ICRC` hapo usiikimbilie diski, data imeharibika njiani, angalia waya. Herufi hizo chache zimeniokolea hela nyingi za wateja.

Ukisikia mlio wa tik... tik... tik... au wa kukwaruza, hiyo haihitaji kipimo tena.

Seva inapiga piii piii usiku kucha, mlinzi ameizima kwenye umeme. Kafanya vizuri?

Hapana, ila msimlaumu, hakuna aliyemwambia. Ule mlio unasema "diski moja imetoka, nafanya kazi kwa zilizobaki". Seti ikiwa katika hali hiyo bado inasoma na kuandika kama kawaida, na diski zilizobaki zimeshazunguka miaka kadhaa bila kusimama, ukizizima zote zikapoa inawezekana mojawapo isiamke. Kwa hiyo acha iwake. Nyamazisha mlio tu, kwenye kadi za RAID zinazoongozwa kwa programu ya storcli ni `storcli /c0 set alarm=silence`, alafu fanya kitu kimoja kabla ya vingine vyote: nakili data muhimu kwenda nje ya hiyo seva. Hata kama una bakapu ya juzi. Hifadhidata kwanza, picha za sherehe ya ofisi baadaye.

SMART ina namba kibao, niangalie zipi?

SMART ni daftari ambalo diski inajiandikia yenyewe. Weka kifurushi cha smartmontools alafu `smartctl -a /dev/sda`. Mistari ni mingi ila mimi naangalia michache, na naangalia safu ya mwisho kulia, `RAW_VALUE`.

Fikiria karani wa ghala la dagaa pale Mwaloni. Namba 5 ni magunia ambayo yameshakutwa na matobo yakahamishiwa kwenye nafasi za akiba, yani sekta zilizokwisha badilishwa. Namba 197 ni magunia ambayo karani anayashuku, alijaribu kusoma akashindwa, anasubiri mtu aandike upya pale ndo aamue kama ni pazima au ahamishe. Namba 198 ni yale yaliyogoma kusomeka wakati diski inajikagua yenyewe. 187 ni makosa ambayo diski ilishindwa kabisa kuyarekebisha ikamwambia seva ukweli, na 188 ni amri zilizopitiliza mda.

Namba 5 ikiwa na sekta chache na imekaa hivyohivyo mwaka mzima, sina haraka nayo. Ikiwa ilikuwa 8 Jumatatu, 64 Jumatano, 300 Ijumaa, hiyo diski inaondoka, agiza nyingine leo. Mwendo wake ndo unaotisha. Usishangae pia 197 kupanda kwa nane nane, diski nyingi za sasa sekta yake halisi ni baiti 4096 lakini zinajihesabia kwa 512, kwa hiyo kidonda kimoja kinasomeka nane.

Na kuna namba 1 na 7 ambazo kwenye diski za Seagate zinaonyesha mamilioni, watu wananitumia skrinishoti wakitetemeka. Hizo kwa Seagate ni za kawaida, jinsi wanavyohesabu ndo ilivyo.

Diski za SAS (aina ya diski za seva) hazina jedwali hilo. Kule tafuta mstari wa `Elements in grown defect list`, kazi yake ni kama ya namba 5.

Lakini imeandika PASSED kabisa!

PASSED inamaanisha tu hakuna kipimo kilichoshuka chini ya mstari ambao kiwanda kilijiwekea, na huo mstari uko chini sana. Nimeshatoa diski zenye mamia ya sekta mbovu na bado zinajiita PASSED. Google walichapisha utafiti wao mwaka 2007 juu ya diski zao nyingi sana, wakakuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote kwenye vile vipimo vinne vya SMART vyenye nguvu zaidi. Kwa hiyo SMART ikisema naumwa, iamini. Ikisema mzima wa afya, endelea kuangalia `iostat` na logi.

Kama una wasiwasi ipe mtihani mrefu, `smartctl -t long`, inasoma uso wote, diski ya TB 4 inaweza kula masaa saba nane. Fanya usiku, matokeo unayaona kwa `smartctl -l selftest`. Ikiandika `read failure` na namba ya sekta, mjadala umeisha.

Seva ina kadi ya RAID, smartctl haioni diski moja moja

Kadi inazificha. Kwa kadi za familia ya MegaRAID andika `smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda` alafu badilisha 0 kwenda 1, 2, kuendelea, na huo mpangilio unaweza kuruka, usikate tamaa ukikosa namba moja. Au tumia storcli yenyewe, kuna hesabu mbili za kulinganisha: Media Error ni uso wa diski, Other Error mara nyingi ni mambo ya waya, umeme au ile bodi ya nyuma diski zinapochomekwa.

Nitajuaje ni diski mbovu au waya?

SMART namba 199. Ikipanda, data inaharibika kati ya diski na kontrola (kadi au chipu inayoziendesha diski), yani kwenye waya, soketi au bodi ya nyuma. Hesabu yake hairudi chini hata ukitengeneza, kwa hiyo iandike pembeni, badilisha waya, rudi baada ya siku mbili uone kama imesimama.

Njia ya kienyeji ambayo bado inafanya kazi: kama tatizo limetokea sloti 1 mara mbili na diski mbili tofauti, acha kununua diski. Kuna mteja mmoja wa duka la jumla kule Buzuruga alishabadilisha diski tatu kabla hajanipigia, nilipofungua nikakuta pini moja ya bodi ya nyuma imepata kutu ya kijani. Diski zake zote tatu "mbovu" nilizipima zikapita mtihani mrefu vizuri tu.

Pia kama diski kadhaa zinatoka kwa pamoja dakika ileile, angalia pawa saplai na kontrola kwanza. Diski kufa ni jambo la mmoja mmoja, zikianguka nne kwa mpigo kuna kitu kimoja wanachochangia.

Kwenye skrini inasema diski ya sloti 2. Ni ipi sasa?

Hili ndo swali ninalolipenda na kuliogopa.

Miaka ile naanza, niliitwa usiku kwenye kiwanda kimoja cha samaki, seti ya RAID 5 (inavumilia diski moja tu kufa), diski nne za TB 1. Moja ilikuwa haijafa bado, kontrola ilikuwa inatabiri tu kwamba itakufa, sloti 2. Taa za mbele mbili zilikuwa zimeungua, harufu ya sangara kila mahali, meneja kasimama nyuma yangu anauliza "bado tu?". Nikahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, nikachomoa. Sloti zinaanzia 0. Nilichomoa sloti 1, diski nzima kabisa.

Seti ikabaki na tatu, mojawapo ikiwa ndo ile mgonjwa. Nikairudisha haraka nikidhani mambo yataisha, wapi, kontrola ikaanza kuijenga upya ile niliyoichomoa kwa kusoma zile tatu zingine mwanzo mwisho, ikiwemo mgonjwa. Yani uhai wa data yote ukawa juu ya diski ambayo nilikuja kuitoa kwa sababu haiaminiki. Nilikaa chini kwenye sakafu ya simenti naangalia asilimia. 12, 13. Ilipofika 70 na kitu ikaanza kukwama sehemu, inakaa dakika mbili, inaendelea. Ilimaliza saa kumi na moja alfajiri, baadhi ya sekta hazikusomeka, faili tatu za zamani hazikufunguka tena. Meneja hakujua kilichotokea mpaka nilipomwambia asubuhi, na sikulipwa, na sikudai.

Tangu siku hiyo sichomoi kitu bila siriali namba. `smartctl -i` inakupa siriali ya mgonjwa, na siriali imechapwa kwenye lebo ya diski yenyewe. Kama trei inaficha lebo, washa taa ya kuitafuta, `storcli /c0/e252/s2 start locate` (badilisha namba ziendane na zako) au `ledctl locate=/dev/sdc`. Kama taa ya kuitafuta imekufa na mgonjwa ameshatolewa kwenye seti, fanya kinyume, isomeshe seti kwa nguvu uone taa ya kazi ya diski ipi haipepesi. Na siku seva ikiwa mpya, kabla haina data, bandika kastika kenye siriali mbele ya kila trei. Dakika kumi tu hiyo kazi.

Kwa wale wa mdadm (RAID ya Linux isiyotumia kadi), mwambie mfumo kabla hujashika chuma: `mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1` alafu `--remove`. `cat /proc/mdstat` ikionyesha `[UU_U]` ile alama ya `_` ndo pengo.

Nikiweka diski mpya inachukua mda gani kujengwa upya?

Piga hesabu: TB 4 kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde ni kama masaa saba na nusu, na hapo seva haina kazi nyingine. Ofisi ikiwa inafanya kazi inaweza kwenda siku nzima na zaidi. Kwa RAID 5 huo mda wote huna akiba, diski ya pili ikianguka umekwisha. RAID 6 inavumilia mbili, na kwa diski kubwa za sasa mimi naweka RAID 6 au RAID 10 (diski jozi jozi, moja ni nakala ya mwenzake), wateja wakilalamika TB moja imepotea nawaambia haijapotea, inalinda.

Kuna jambo lingine watu hawalijui. Diski nyingi za kawaida kiwanda kinaahidi kosa moja la kusoma lisilorekebishika kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambayo ni kama TB 12.5. Seti ya diski nne za TB 4 ikijengwa upya inasomwa TB 12. Kiuhalisia diski nyingi zinafanya vizuri kuliko karatasi, lakini unaona ilivyo jirani. Dawa yake ni kuisomesha seti yote mara kwa mara kabla ya msiba, kwa ZFS (mfumo wa faili wenye RAID yake ndani) ni `zpool scrub`, na kwa mdadm, Linux ya Debian inajifanyia ukaguzi kila mwezi usipoizima. Vidonda vinaonekana wakati bado kuna wa kuviponya.

Naweza kuweka diski ya desktop, bei yake nusu?

Itawaka. Shida inakuja ikikutana na sekta mbaya, diski ya desktop inang'ang'ana kusoma hata dakika nzima maana inajua iko peke yake, wakati kontrola inasubiri sekunde chache tu ikaamua "huyu kafa" na kumtoa. Za seva zinakata tamaa ndani ya kama sekunde saba, seti inachukua data kwa wenzake. Jaribu `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb`, ikikubali una nafuu, ikikataa irudishe dukani. Ulizia pia kama ni SMR, hizo njia za kuandikia zimepandiana kama vigae vya bati, kwenye kujengwa upya zinakuwa na mwendo wa konokono.

Diski ilitoka kwenye seti, nikaichomoa nikairudisha ikakubali. Si imepona?

Haijapona. Angalia 199, angalia waya, ipe mtihani mrefu ikiwa nje ya seti. Ikifeli popote isirudi.

Umeme wetu huu wa kuja na kuondoka unaua diski?

Unachangia, hasa kuzimika ghafla katikati ya kuandika. Weka UPS na uiunganishe na seva kwa waya wa USB ili izime yenyewe kistaarabu, UPS isiyoongea na seva ni kuahirisha tu kuzimika kwa dakika kumi. Ila kuna mtego hapa: kadi nyingi za RAID zina betri yake ndogo ya kulinda data iliyo njiani. Betri ikichoka, kadi inaacha kutumia kumbukumbu yake ya haraka na kuandika kunakuwa kuzito mno, watu wanasingizia diski. Kabla hujanunua diski ulizia hali ya hiyo betri.

Joto na wale wadudu wa ziwani je?

Diski nyingi zinaruhusiwa mpaka nyuzi 60, mimi sipendi kuona zaidi ya 45. Wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wanafuata taa, na chumba cha seva chenye dirisha wazi na taa inayowaka usiku ni karamu yao. Nilifungua seva moja karibu na ufukwe nikakuta wavu wa mbele umezibwa na tabaka jeusi kama ugoro uliolowana, diski ya chini inasoma 58. Brashi ya kupakia rangi, nusu saa, ikashuka 39. Zima taa, funga dirisha, safisha wavu kila mwezi.

Kuna aliyeniuliza kama mwinuko wa Mwanza unasumbua vichwa vya diski. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na diski nyingi za kawaida zinaruhusiwa mpaka karibu mita 3,000. Tuko salama, mwache wa kilele cha Kilimanjaro ahangaike.

Diski za mtumba ninunue?

Angalia namba 9, masaa ya kuwaka. Mwaka mmoja ni masaa 8,760, kwa hiyo diski yenye 52,000 imeshakesha karibu miaka sita. Ikiandika sifuri na lebo imechakaa, mtu kaifuta, mrudishie. Na usinunue zote nne za siku moja kiwanda kimoja, zinazeeka pamoja.

Diski mbili zimeanguka kwenye RAID 5. Nifanye nini?

Usifanye kitu. Usibonyeze "initialize", usitengeneze seti upya juu yake, usikubali `fsck` (ukarabati wa mfumo wa faili) ikikuomba. Andika kila diski ilikuwa sloti ipi na siriali yake, zima, alafu kila diski inakiliwa nzima kwenda diski nyingine kwa `ddrescue`, inachukua kwanza vinavyosomeka kirahisi na kurudia vigumu mwisho. Majaribio yote ya kuunganisha yafanyike kwenye nakala. Mara nyingi ile iliyotoka mwisho bado ina uhai wa kutosha, ndo unayoitegemea.

Na tafadhali msiniletee diski iliyotoka kwenye friza. Kwa unyevu wa huku inatoka imeloa jasho ndani, mlichokuwa mnaokoa mmekizamisha. Ikisafiri kwa boda au meli ya Nansio ifungeni na sponji, kila moja peke yake, siyo zote kwenye mfuko mmoja wa rambo zinagongana.

Nina RAID, bakapu bado?

Bado. Ukifuta faili kwa makosa RAID inalifuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa.

Diski mbovu niitupe tu?

Ina majina na namba za watu ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, kwa hiyo usiipeleke kwa wa skrepa ikiwa nzima. Ikiwa bado inasomeka ifute kwa kuandika sifuri juu yake yote, ikiwa haisomeki toboa kwa drili matundu matatu manne mpaka upite sahani za ndani, vaa miwani maana nyingine ni za kioo zinapasuka. Ila kama waranti bado ipo muulize kwanza muuzaji kama anaitaka nzima. Ukiifungua chukua zile sumaku mbili, tahadhari na vidole, zinabana kweli. Zangu ziko kwenye mlango wa friji zimeshika risiti za diski zote nilizonunua mwaka huu.